Jinsi ya kupanga pesa na vipimo kwenye databesi ili kompyuta ya mtu mwingine isikubadilishie hesabu

Ukiwa unatunza databesi ya stoo ya mazao, SACCO, duka la vifaa au ofisi ya kuuza viwanja hapa Uganda, kuna siku utafungua faili yako kwenye kompyuta nyingine ukute bei zote zimevaa alama ya dola. Shilingi 50,000 ya jana leo inasomeka $50,000.00. Hakuna mtu aliyeigusa, namba ndani ni ile ile, lakini ukiprinti ripoti ukampelekea mteja ama mkaguzi wa hesabu hapo ni vita. Kwenye Access, ile programu ya databesi ya Microsoft, hii kitu inatokea sana, na sababu ni kwamba fomati inayoitwa Currency haiangalii databesi yako, inaangalia setingi ya Region ya Windows kwenye ile kompyuta iliyoifungua, na kompyuta nyingi unazinunua hapa mjini bado ziko kwenye Marekani na hakuna anayejisumbua kubadilisha.

Sasa alama ya dola ndio shida ndogo, juu unaiona kwa macho. Kubwa ni zile za ndani zisizoonekana: tarehe kugeuka, kiwango cha kubadilisha pesa kukatwa, ekari kuchanganywa na hekta, shilingi ya Kenya kujumlishwa na ya Uganda. Vile mimi nafanya, na ndicho ningependa kila anayejenga databesi huku kwetu afanye, ni kuhakikisha maana ya kila namba imeandikwa ndani ya databesi yenyewe, pembeni ya ile namba. Setingi za rijoni ziachiwe kazi ya kupamba tu.

Kwanza tibu ile ya dola

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl, halafu Enter. Itafunguka Region, uende Additional settings, kuna sehemu ya Currency. Hapo weka alama USh, tarakimu baada ya nukta weka 0. Kwenye sehemu ya Numbers ya hapo hapo utaona Measurement system, weka Metric. Hii ya mwisho watu wanaielewa vibaya, wanadhani ikiwa kwenye U.S. kilo zitageuka kuwa ratili. Hapana, haigusi data hata kidogo, inabadilisha tu rula na majini kwenye usanifu wa fomu na ripoti, ziwe inchi ama sentimita. Lakini kama unapanga ripoti kwa kodi ya VBA, ile lugha ya programu iliyo ndani ya Access, jua kwamba huko vipimo havifuati rula, ni twip: 1,440 kwa inchi, kama 567 kwa sentimita, kompyuta iwe imewekwa wapi.

Ukimaliza hapo umetibu kompyuta moja. Keshia wa tawi la Mbale akifungua kwenye yake tatizo linarudi pale pale, kwa hiyo usitegemee Region. Ingia kwenye jedwali lako, kolamu ya bei, kwenye Format futa neno Currency uandike mwenyewe:

"USh "#,##0

Fanya vile vile kwenye visanduku vya fomu na ripoti, juu kila kimoja kinabeba fomati yake na ukisahau kimoja ndicho mteja atakachokiona. Hapo dola imeisha. Lakini kumbuka hii fomati inasema USh kwa kila mstari, hata kama pesa iliyoingia ilikuwa ya Kenya, na ndio tunaingia kwenye kazi yenyewe.

Kila kiasi kiwe na sarafu yake

Usiwe na kolamu moja ya kiasi peke yake. Ziwe mbili: kiasi na sarafu. Kwenye sarafu weka kodi ya herufi tatu ya ISO 4217, ile orodha ya kimataifa ya sarafu, yaani UGX, KES, TZS, RWF, BIF, CDF, SSP, USD. Usiandike "Sh" wala "/=" juu kuanzia 1966, ile shilingi moja ya Afrika Mashariki ilipovunjwa kila nchi ikatoa ya kwake, "Sh" haisemi chochote kwa mtu wa mpakani, Busia ama Mutukula. Chukua mfano huu wa stoo ya mahindi Busia: mnunuzi kutoka upande wa Kenya kachukua gunia 40, bei 4,200 kwa gunia, kalipa 168,000 taslimu. Karani anaandika 168,000. Jioni ripoti inajumlisha na mauzo ya wateja wa Tororo waliolipa kwa pesa yetu, na stoo inaonekana imeuza gunia 40 kwa bei ya gunia moja na kidogo. Hesabu haina kosa, kompyuta imejumlisha ilichopewa. Mstari ulitakiwa uwe hivi:

kiasi: 168000
sarafu: KES
kiwango: 28.35
kiasi_ugx: 4762800

Hicho kiwango nimetolea mfano tu, wewe utaweka cha siku yako. Angalia kwamba nimehifadhi vyote vinne. Watu wengi wanahifadhi kiasi na sarafu halafu ripoti inatafuta kiwango cha leo na kuzidisha. Usifanye hivyo banange, juu mauzo ya Januari yatakuwa yanabadilika kila ukifungua ripoti, mwezi wa nne unakuta Januari mliuza pungufu kuliko ulivyomwambia bosi mwezi wa pili. Kiwango kilichotumika siku ile kibaki kwenye mstari wa siku ile, basi.

Na kama chama chenu cha ushirika kina madaftari ya zamani mnayaingiza kwenye kompyuta, kuwa makini na yale ya kabla ya Mei 1987. Mwaka ule shilingi mpya ilichukua nafasi ya 100 za zamani, kwa hiyo 100,000 ya 1985 na 100,000 ya 1988 hazikai kwenye kolamu moja. Ile ya zamani ina kodi yake ya herufi tatu, UGS. Iingize kama UGS, usiigawe kichwani wakati wa kuandika, juu anayekuja baada yako hatajua ipi umegawa na ipi hujagawa.

Aina ya kolamu, hapa ndipo shilingi yetu ina mambo yake

Mafundisho mengi ya databesi yameandikwa na watu wanaofikiria dola na yuro, kwao bei ni 19.99. Sisi bei zetu ni ndefu na hilo linabadilisha ushauri.

FLOAT, aina ya kolamu inayohifadhi namba kwa makadirio, usitumie kwa pesa, hilo kila mtu anasema, ila sababu wanayotoa ni ya senti, eti 0.1 jumlisha 0.2 haitoi 0.3 kamili. Wewe unasema mimi sina senti, niko salama. Hauko salama. FLOAT ya kawaida ya baiti 4 inashika namba nzima bila kukosea mpaka 16,777,216 tu. Namba inayofuata, 16,777,217, hawezi kuiandika, anairudisha ile ya nyuma. Ukifika kwenye milioni 150, bei ya kiwanja tu, anaruka 16 kwa 16, na ukishajumlisha mistari mia kadhaa unatafuta shilingi zimeenda wapi na hakuna aliyeiba.

INT, aina ya namba nzima, nayo inaishia 2,147,483,647. Kwa dola hiyo ni pesa ya shirika kubwa, lakini kwa UGX ni bilioni mbili na kidogo, na SACCO yenye wanachama wengi ikijumlisha akiba zao zote inaweza kufika hapo bila kelele. Kwenye MySQL, programu nyingine ya databesi, ikiwa na ukali wa kawaida (strict mode) itakataa na kutoa era, yaani ujumbe wa kosa, hiyo afadhali. Ikiwa mtu aliwahi kuzima ule ukali ili "eras ziishe", basi inaandika 2,147,483,647 kimya kimya na kuendelea. Ukiona namba hiyo kwenye ripoti yoyote ya pesa, simama hapo hapo.

Kwa hiyo tumia NUMERIC(18,2), yaani tarakimu 18 kwa jumla na 2 baada ya nukta, kwenye PostgreSQL (nayo ni programu ya databesi), DECIMAL(18,2) kwenye MySQL, na kwenye Access aina ya Currency (aina ya kolamu, si ile fomati, ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja) ambayo inashika tarakimu 15 kabla ya nukta na 4 baada. Kama una uhakika ni UGX peke yake mpaka mwisho wa dunia unaweza kutumia BIGINT, namba nzima kubwa zaidi ya INT, ila mimi sijawahi kuona biashara ya hapa ikibaki kwenye sarafu moja.

PostgreSQL ina aina inayoitwa money, inavutia kwa jina lakini iache. Hiyo inafuata setingi ya seva inayoitwa lc_monetary, yaani idadi ya senti na alama vinatoka kwenye seva, na haibebi sarafu yoyote ndani yake. Ukichukua bakapu ukairudisha kwenye seva yenye lc_monetary tofauti, inaweza kukataa kuingia ama kuingia ikimaanisha kitu kingine. Unaweza kuangalia ya kwako kwa SHOW lc_monetary. Na ukishaangalia endelea na NUMERIC.

Senti ambazo hatuna

Kwa ISO, UGX haina tarakimu yoyote baada ya nukta. RWF na BIF pia hazina. KES, TZS na USD zina mbili. Hii iandike kwenye jedwali dogo la sarafu, kolamu moja ya kodi ya herufi tatu na moja ya idadi ya tarakimu, na programu yako isome hapo badala ya kudhani kila sarafu ni mbili. Ukiunganisha na mtandao wa malipo wa nje soma maelezo yao vizuri kabisa kabla ya kutuma hata shilingi, juu kila mmoja ana sheria yake: Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kwa mfano wanahesabu UGX kama sarafu isiyo na senti lakini kwa sababu za zamani bado wanataka utume kana kwamba ina mbili, yaani shilingi 5 unatuma 500. Ukituma 5,000 ukifikiri ni elfu tano umetoza hamsini.

Lakini eti kwa sababu sarafu haina senti basi na hesabu hazitatoa senti, hapana. VAT yetu ni asilimia 18. Kitu cha 10,000 kikiwa kimejumlisha VAT, kodi yake ni 10,000 mara 18 gawa kwa 118, unapata 1,525.42. Mteja kanunua vitatu. Ukiraundi kila mstari kwanza ni 1,525 mara tatu, 4,575. Ukijumlisha kwanza ndio uraundi ni 4,576. Shilingi moja, ndio, lakini risiti moja ikisema hivi na ripoti ya mwezi ikisema vile mhasibu wako atakaa wiki nzima anatafuta. Chagua njia moja, iandike, na iwekwe sehemu moja tu kwenye programu, si kwenye fomu mara moja, kwenye ripoti mara nyingine na kwenye Excel ya bosi mara ya tatu.

Na ujue mashine haziraundi sawa. Kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwenye simu: ukitoa 2,500 ni 12.5. Round ya Access itakupa 12 juu inapofika nusu kamili inaenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. ROUND ya PostgreSQL kwenye NUMERIC itakupa 13. Wale wenye fomu za Access mbele na seva ya PostgreSQL nyuma, hii ndio inawasumbua bila kujua. Dawa ni kuacha seva iraundi kila kitu, Access ionyeshe tu.

Kiwango cha kubadilisha pesa

Hapa kuna mtego mmoja nataka uuone kwa ukaribu. Tuseme dola moja ni 3,700. Mtu anatengeneza kolamu ya kiwango DECIMAL(10,4), tarakimu nne baada ya nukta zinaonekana nyingi za kutosha. 3700.0000 inaingia vizuri. Halafu kesho anahitaji kutoka UGX kwenda USD, anagawa moja kwa 3,700 anapata 0.00027027, anaihifadhi. Kolamu ina nafasi nne. Inaandika 0.0003.

Sasa chukua milioni 3.7, ambayo ni dola 1,000. Zidisha na 0.0003. Dola 1,110. Umempa mtu dola 110 za bure na hakuna era yoyote iliyotokea. Aina ya Currency ya Access ina huo huo mtego juu nayo ni nne. Kwa hiyo kiwango kipe nafasi, hivi:

CREATE TABLE viwango (
  kutoka char(3),
  kwenda char(3),
  tarehe date,
  kiwango numeric(20,10),
  PRIMARY KEY (kutoka, kwenda, tarehe)
);

Afadhali zaidi usihifadhi ule upande mdogo kabisa. Hifadhi 3,700 tu, ukitaka kwenda dola gawa. Na ile kutoka na kwenda usiziruke, juu "kiwango 28.35" peke yake hakisemi ni upande gani, na mtu wa zamu ya usiku atazidisha palipotakiwa kugawa. Andika pia kiwango kimetoka wapi, kama ni cha Benki Kuu ama cha forex ya pale mpakani, maana havilingani na mkaguzi atauliza.

Vipimo: ardhi kwanza

Kwa wanaouza viwanja hii sehemu isomwe mara mbili. Wateja wetu wanaongea desimali (sehemu ya mia ya ekari), ekari, hekta, na "50 kwa 100" za futi, na kwenye hati za Buganda bado unakutana na maili za mraba toka mgao wa Mkataba wa 1900, ndiko mfumo wa ardhi wa mailo ulikotoka. Databesi ikiwa na kolamu moja inayoitwa ukubwa, ndani unakuta 12, 0.5, 464, 50x100, zote ziko pamoja, na mtu anataka wastani wa bei kwa ekari. Haitawezekana.

Weka kolamu tatu: ukubwa_asili vile mteja ama hati ilivyosema, kipimo_asili, halafu ukubwa_m2 ambao databesi inahesabu yenyewe. Kisha jedwali la vipimo lenye kizidisho cha kila kimoja kwenda mita za mraba: ekari 4046.8564224, desimali 40.468564224 kwa sababu desimali 100 ni ekari moja, hekta 10000, futi ya mraba 0.09290304, maili ya mraba ni ekari 640. Hizi namba usizikate. Mtu anayeweka ekari ni 4,000 "kurahisisha" anapoteza zaidi ya desimali moja kwa kila ekari, na desimali moja ya Kira ama Wakiso si kitu cha kurahisisha.

Ile 50 kwa 100 ndio tamu. Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000, yaani mita za mraba 464.5, yaani desimali 11.48. Lakini madalali wanaiita desimali 12, wengine 12 na nusu. Desimali 12.5 ni mita za mraba 505.9. Hiyo tofauti ni mita za mraba 41, ni chumba na sebule. Kwa hiyo karani akiambiwa "50 kwa 100" asiigeuze mwenyewe kuwa 12.5, aandike urefu 50, upana 100, kipimo futi, na databesi ifanye hesabu. Na kama kuna ripoti ya mpima ardhi, hiyo iwe na kolamu yake pembeni, isifute ile ya dalali. Utazihitaji zote mbili siku wakianza kubishana.

Gunia, debe na mkungu si vipimo

Kilo, gramu, ratili, tani, hivyo vinageuzwa kwa namba moja isiyobadilika, ratili ni kilo 0.45359237 iwe Gulu ama London. Gunia halina namba hiyo. Gunia la mahindi Kenya wanahesabu kilo 90, kwetu mara nyingi ni 100, la mkaa ni hadithi nyingine kabisa, na debe la lita 20 uzito wake unategemea umejaza maharage ama muhogo mkavu. Mkungu wa matoke hata usiseme. Ukiweka gunia kwenye lile jedwali la vizidisho pamoja na kilo umeshaharibu stoo.

Tengeneza jedwali lingine la vifungashio, linasema bidhaa gani, kifungashio gani, kilo ngapi kwa makadirio, na kwenye kila mzigo unaoingia weka kolamu ya kilo zilizopimwa kwenye mizani. Ripoti itumie zilizopimwa, zisipokuwepo ndio itumie makadirio na iseme wazi kwamba ni makadirio. Kahawa ina lake zaidi: kiboko (kahawa kavu yenye maganda) kikikobolewa kikawa FAQ (kahawa safi isiyo na maganda) kilo zinapungua, lakini huko si kubadilisha kipimo, ni kusindika, kila lundo lina uwiano wake kulingana na unyevu na ubora. Iwe ni muamala: kilo kadhaa za kiboko zimetoka, kilo kadhaa za FAQ zimeingia. Kwenye kuuza nje ndio utarudi kwenye namba tuli, juu gunia la kahawa la kimataifa ni kilo 60, hilo unaweza kuliweka.

Galoni kama ipo kwenye data yako uliza ya nani. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785. Usiwe na kipimo kinachoitwa "galoni" tu.

Faili za kutoka kwa watu wengine

Anayefanya biashara kupitia mpaka wa Mpondwe atapokea faili za CSV kutoka Kongo, na wenzetu wa huko wanafuata desturi ya Kifaransa, koma ndio inatenga sehemu ndogo. Wakiandika 1,250 tani wanamaanisha tani moja na robo. Kompyuta yako iliyo kwenye Uganda itasoma elfu moja mia mbili hamsini. CSV haibebi hii habari, ni maandishi matupu, Excel inaifungua kwa kufuata Region ya kompyuta yako na ukishasevu imeshabadilika moja kwa moja. Usifungue CSV kwa kubonyeza mara mbili halafu ukasevu. Iingize kwenye jedwali la muda ambalo kolamu zote ni maandishi, angalia kwa macho mistari michache, ndio ugeuze kuwa namba. Hapo hapo ndipo unasafisha vile vitu vyetu, "50,000/=", "50k", "1.2m", nafasi katikati, neno "tu" mwishoni.

Tarehe nazo. Uhuru wetu ni 9/10/1962, kila mtoto anajua ni Oktoba, lakini mashine ya Kimarekani inasoma tarehe 10 Septemba. Kwenye SQL ya Access ile tarehe unayoweka kati ya alama za # inasomwa Kimarekani siku zote, hata Region yako iwe Uganda. Ubaya wake ni kwamba #25/04/2025# inaikubali vizuri maana hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo ukijaribu kwa tarehe za mwisho wa mwezi unaona sawa, halafu tarehe 1 mpaka 12 zinageuka zenyewe. PostgreSQL ikiwa kwenye MDY (mwezi, siku, mwaka) angalau itagoma kwa hiyo ya 25, ila '03/04/2025' itapita ikiwa Machi. Andika 2025-04-03 kila mahali kwenye kodi na kwenye faili, mbele ya mtumiaji ndio uonyeshe 03/04/2025. Saa tumia timestamptz ya PostgreSQL, inayojali saa za eneo, na eneo weka Africa/Kampala.

Kuonyesha

Hii fupi. Kwenye PostgreSQL to_char(kiasi, 'FM999,999,999,999') inatosha kwa UGX na sarafu nyingine zisizo na senti, ukiunganisha sarafu mbele yake kutoka kwenye kolamu. Kwenye kurasa za wavuti tumia Intl.NumberFormat ya JavaScript na sw-UG ama en-UG, ukimpa currency kutoka kwenye mstari wenyewe, itajua UGX haina senti na KES ina mbili. Usimpe 'UGX' iliyoandikwa kwenye kodi ya programu.

Kabla hujawapa watu waanze kuitumia fanya jaribio hili. Weka mstari mmoja wa UGX wa bilioni 3, mmoja wa KES wenye senti, mmoja wa USD, kiwanja cha 50 kwa 100, na mzigo wa tarehe 5 mwezi wa tatu. Priniti ripoti. Halafu ingia intl.cpl, weka Region kwenye Marekani, funga programu, ufungue, priniti tena. Mara ya tatu weka Ufaransa. Koma na nukta zinaweza kuhama, hiyo sawa, lakini jumla za kila sarafu, mita za mraba na mwezi wa ule mzigo lazima vifanane kwenye karatasi zote tatu. Jumla zikikataa kufanana anza kutafuta kwenye fomu zinazosoma namba kama maandishi. Tarehe ikigeuka tafuta alama za # kwenye kweri zako zote, hata zile ndogo za kuchuja ripoti.